Kura ni ya Siku Moja, Kisiki ni cha Miaka

Mjukuu wangu, watakuja. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na hakuna mgombea atokaye Nairobi kwenda Nakuru anayeipita Kikopey bila kusimama. Watafika na msafara wa magari, watachomoza juu ya paa la gari na kipaza sauti mkononi, watakuahidi petroli, stima, gesi na shamba. Watakula mbavu za mbuzi, kisha watakwenda zao.

Nakusihi unisikilize sasa, kabla hawajafika. Wakishafika, spika zao zitanishinda.

Nimewaona wa jogoo, nimewaona waliojiita upinde wa mvua, nimewaona wa chungwa na wa wilbaro. Rangi za kofia zilibadilika. Yaliyosemwa juu ya paa la gari hayakubadilika sana. Na yaliyofuata baada ya kura nimeyaona pia, ndiyo maana nakuita ukae hapa kidogo.

Tuanze na kilicho karibu nawe, tangi la pikipiki yako. Siku ya mkutano utapewa lita mbili za kusindikiza msafara, na fulana juu yake. Lita mbili si haba, najua. Lakini kumbuka mwaka 2022. Serikali iliyokuwa ikiondoka ilizuia bei ya mafuta isipande kwa kutumia ruzuku, mpaka tukapiga kura Agosti 9. Rais mpya akaapishwa Septemba 13. Kesho yake bei mpya ikatangazwa: lita ya petroli Nairobi ikatoka shilingi 159.12 ikafika 179.30.

Sikutajii haya ili umchukie mtu. Ruzuku ile ililipwa kwa fedha za umma, na wakubwa wa pande zote walijua haiwezi kudumu. Asiyejua alikuwa yule aliyepanga maisha yake kwa bei ya Agosti. Huyo alikuwa wewe.

Stima nayo ni vivyo hivyo. Desemba 12, 2021, Sikukuu ya Jamhuri, tuliambiwa bei itashuka kwa asilimia 30, nusu sasa na nusu baadaye. Januari 2022 nusu ya kwanza ilikuja kweli, tukashukuru. Ya pili haikuja. Uchaguzi ukapita, mwaka ukageuka, na ile ya kwanza nayo ikaondoka.

Ahadi ya jukwaani haina risiti, mjukuu wangu. Ukirudi nayo dukani hakuna wa kuipokea.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mvuke unaozalisha umeme wa nchi hii uko hapa kwetu. Olkaria, kule Naivasha, mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981. Siku hizi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatoka chini ya ardhi ya Bonde la Ufa, na Menengai, juu ya mji wa Nakuru, nako wameshaanza kuuvuna. Lakini pita Gilgil jioni, chungulia jikoni kwa watu. Taa inawaka kwa stima, sufuria imekaa juu ya makaa.

Na sisi wa Kikopey tusijifanye wageni wa makaa. Zunguka nyuma ya hoteli yoyote ya choma saa moja jioni. Utamkuta kijana wa rika lako, macho mekundu kwa moshi, anapepea kwa kipande cha katoni. Mafuta ya mbuzi yanadondoka, moto unaruka, anaunyamazisha kwa maji kidogo. Ubavuni mwake magunia yamesimama wima, midomo imezibwa kwa majani makavu na kushonwa kwa kamba ya nailoni. Okota kipande cha makaa ya leleshwa, ukigonge na kingine. Kinalia. Hayo ndiyo mazuri, yanakaa na moto.

Leleshwa ni kichaka cha hapa hapa. Zamani hukuhitaji kutembea ili ukione. Sasa gunia linatoka Narok, linatoka Baringo, linatoka Laikipia, na mara nyingi linasafiri usiku.

Mheshimiwa anakula mbavu zilizochomwa kwa makaa yale, ananawa mikono, anapanda jukwaani kukuambia atailinda misitu. Wewe unapiga makofi. Mjukuu wangu, mwenye kula choma asiogope kuuliza makaa yametoka wapi.

Utaniambia, babu, gesi itatuokoa. Naam, ingetuokoa. Palikuwa na mradi wa mitungi ya ruzuku kwa familia maskini, ukaitwa Gas Yetu. Mitungi mingi ikakutwa na kasoro, mradi ukazimika. Kisha mwanzoni mwa 2023 tukaahidiwa kwamba kufikia Juni mtungi wa kilo 6 utajazwa kwa shilingi kati ya 300 na 500. Beba shilingi 500 uende dukani leo, uone kama utarudi na mtungi uliojaa. Mama yako aliyeamini ahadi ile hakulaumu mtu. Alirudi kwa muuza makaa akanunua debe.

Lakini hayo ya petroli na gesi ni maumivu ya mfukoni, na mfuko hupona. Nakuombea usije ukaonja la nne. La nne ni shamba msituni.

Hapa nitakaa kidogo, nawe usiniharakishe.

Mwaka 2000 mvua ilikosa. Mabwawa ya mto Tana yakashuka, na stima ikagawiwa kwa zamu nchi nzima. Kinyozi alikaa nje ya kibanda chake akingoja saa yake. Ungedhani baada ya kiu ile serikali ingeulinda kila mti uliosimama kwenye chemchemi. Mwaka uliofuata, 2001, ukiwa umebaki mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu, zaidi ya hekta 61,000 za msitu wa Mau ziliondolewa kwenye hifadhi. Mau Mashariki, huko juu ya Njoro, peke yake ilipoteza hekta zaidi ya 35,000. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu yake.

Ilisemwa ni kwa ajili ya wasio na ardhi. Wengine walikuwa hivyo kweli, maskini wa Mungu, walioingia na jembe na sufuria. Lakini jopo la serikali lililouchunguza Mau likatoa ripoti mwaka 2009, na katika orodha ya waliopata mashamba makubwa mlikuwa na majina ya wakubwa na watu wao. Waogiek, ambao msitu ule ni nyumba yao tangu enzi za mababu, walibaki wakisukumwa huku na huku mpaka Mahakama ya Afrika, kule Arusha, ikawapa haki mwaka 2017. Hukumu wanayo. Utulivu bado.

Sasa sikiliza yaliyowapata wale maskini. Novemba 2009 serikali ilianza kuwatoa. Walilala kando ya barabara kwenye mahema ya turubai, na watoto, na mvua ya milimani. Waziri Mkuu wa wakati ule, Raila Odinga, ndiye aliyesimamia kazi ya kuurudisha msitu, na wapinzani wake wakaigeuza kampeni. Kura nyingi alizozipata Bonde la Ufa mwaka 2007 zilikuwa zimemhama ilipofika 2013. Waliozichukua nao wakaingia serikalini, na mwaka 2018 na 2019 serikali yao ikawatoa watu wengine Mau upande wa Narok.

Umeona mzunguko huo? Mtu aliingizwa msituni kwa ajili ya kura. Machozi yake ya kutolewa yakatafutiwa kura. Kisha akatolewa tena, na wanasiasa wakagombana tena juu ya kichwa chake. Nyumba yake imechomwa, watoto wake wamepoteza masomo, cheti alichopewa hakikumkinga. Aliyemwingiza alikuwa ameshalala kwake Nairobi.

Ndiyo maana nakuambia: anayekugawia msitu hakupi shamba, anakukopesha mafuriko. Na deni hilo hulipwa na mtoto wako.

Nakusihi, usikubali kuwa mtu huyo. Akija wa kukuambia chagua mimi nikupe ekari mbili kule juu, mwambie asante, kunywa chai yake kama una kiu, na usiende.

Ninapotaja deni la mafuriko sikutishi kwa hadithi. Hebu tufuate maji. Njoro, Makalia na Nderit huteremka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru. Molo huenda Baringo. Mara huenda kwa wanyama na kwa ndugu zetu wa Tanzania. Sondu huenda Ziwa Victoria, na njiani huzungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60. Mitambo ile haina bwawa kubwa la kuweka akiba, inategemea mto unavyokuja. Mto ukikonda, stima inakonda.

Kwa hiyo mgombea anayekuahidi stima rahisi, na papo hapo akakuahidi ardhi ya Mau, anakuuzia kitu na kukuibia hicho hicho siku moja. Muulize hivyo mbele ya watu, uone atakavyobadilisha wimbo.

Mto Njoro uliokuwa ukitiririka mwaka mzima sasa hukauka sehemu zake kiangazi. Mvua ikinyesha, hushuka mwekundu kwa udongo wa mashamba yaliyokuwa msitu. Na maziwa yetu yamepanda. Lango kuu la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji. Mwaka 2025 Ziwa Naivasha liliingia majumbani mtaa wa Kihoto, watu wakatoka kwa mashua na magodoro kichwani. Wataalamu wanataja kwanza mvua iliyozidi miaka hii, kisha wanataja udongo unaosombwa kutoka milimani na kujaza matumbo ya maziwa. Mvua ni ya Mungu na ya hewa iliyoharibiwa na dunia nzima. Udongo ni wetu.

Solai unaikumbuka. Mei 9, 2018, bwawa la shamba moja lilipasuka usiku, zaidi ya watu 40 wakafa. Yalipotokea ya Mai Mahiu, wewe ulikuwa umekua. Aprili 29, 2024, maji ya mlimani yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia ya chini ikazibwa na vifusi, tuta likaachia alfajiri, na zaidi ya watu 50 wakaenda. Sisemi mti mmoja ungeyazuia. Nasema mteremko ulio uchi hauwezi kuyashika maji, na maji yasiyoshikwa huja bila kubisha hodi.

Basi usinielewe vibaya. Sisemi mti usikatwe kamwe. Elburgon na Molo zimejengwa kwa mbao, na Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji, viwanda vya mbao vilifungwa na vijana wakakaa vibarazani. Bei ya gunia la makaa ikapaa. Njaa ile ilikuwa ya kweli. Miti ya kupandwa hupandwa ikatwe, ndiyo kazi yake, mradi ipandwe mingine.

Ninachokuomba ni utazame mwenendo. Marufuku ile ya 2018 ilitangazwa na naibu rais. Desemba 2022, akiwa sasa ndiye rais, alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Julai 2, 2023, ibadani Molo, akatangaza marufuku imeondolewa. Watu wa Molo walishangilia, na walikuwa na sababu. Chama cha Wanasheria kikakimbilia mahakamani, na mahakama ikaisimamisha amri ile. Novemba 13 mwaka huo huo tukapewa sikukuu nzima ya kupanda miti.

Kufunga kwa tamko, kufungua kwa tamko, kupanda kwa tamko. Mti hausikii tamko. Mti unataka mtu wa kuumwagilia Januari, wakati kamera zimeshaondoka na mbuzi wamefika.

Nawe siku ile ulipanda mche, nilikuona, ukapiga picha nao. Umewahi kurudi kuutazama? Nenda kesho. Nakuomba, nenda.

Najua utakavyonijibu, maana damu yako naijua. Utasema, babu, wewe umeshakula ujana wako, mimi sina kazi, na wazungu walichoma makaa ya mawe wakatajirika. Ni kweli. Sikatai. Lakini wakati wa kulipa, nyumba itakayosombwa haitakuwa ya Ulaya. Itakuwa ya Gilgil, ya Mai Mahiu, ya Kihoto. Umaskini wako ndio sababu ya kuwa mkali zaidi na anayekuja kuununua kwa shilingi 200. Mwenye mali akidanganywa anahama. Wewe utahamia wapi?

Wala usidhani mnyonge hasikiki. Watu wa Lamu, wavuvi na wakulima, walikataa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakubwa waliutaka, na fedha zilikuwa nyingi. Juni 2019 baraza la kusikiliza kesi za mazingira likaifuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na mwishoni mwa 2021, uchaguzi ukinukia, uliletwa Bungeni mswada wa kuirahisisha njia ya kubadilisha mipaka ya misitu. Wananchi wakapiga kelele, ukakwama. Hao hawakuwa na msafara. Walikuwa na midomo.

Silaha unayo na umeiacha sandukuni. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaiamuru serikali ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu wewe, mtu mmoja, kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba umeumia wewe binafsi. Kaunti ikiita vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, nenda. Huwa nakuta wazee tupu kule, tunasinzia. Ninyi mko barabarani mnangoja msafara.

Nenda, mwanangu. Nakusihi kwa mara nyingine, nenda. Ukae mbele, uulize.

Na yule wa choma, anayepepea kwa katoni, hana budi kuanza pia. Gunia linunuliwe kwa mwenye kibali. Wenye hoteli wachange, wapande miti ya makaa kwenye ardhi yao wenyewe, waache kungoja lori la usiku. Jiko lililojengwa vizuri hula nusu gunia mahali la kienyeji lilipokula zima au karibu. Hayo hayahitaji mbunge.

Fulana ivae, ni nguo. Nyama ukipewa kula, hukuiomba. Sitakuambia umchague nani, kura ni yako na siri yake ni yako. Ila akisimama juu ya gari lake, inua mkono umuulize mambo matatu, kwa sauti, wenzako wakisikia.

Muulize: hiyo bei ya mafuta na stima unayoahidi italipwa na nani, na mpaka mwezi gani?

Muulize: ardhi unayotaka kutugawia, mto gani unaanzia hapo?

Muulize: ukishinda, mpaka wa msitu wa Mau na wa Eburru utakuwa pale pale ulipo leo, ndiyo au hapana?

Asipojibu, umejibiwa. Akijibu, toa simu yako umrekodi, uandike na tarehe. Kura ni ya siku moja, mjukuu wangu, kisiki ni cha miaka. Ikifika Septemba 2027, atakapokuwa ameshaapishwa, mtafute ofisini kwake na kundi la wenzako, mumsomee maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Akikasirika, mrudieni Oktoba.